Ukuta na Mkono: Mfadhili na Mchoraji wa Kanisa la Murang'a

Msafiri atokaye Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huiacha nyuma migomba ya Ankole na kushukia nchi ya vilima na nyasi inayolizunguka ziwa la jina hilohilo. Makazi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Wanyarwanda waliokuwa wameikimbia nchi yao, na tangu hapo mlango wake haukufungwa. Wamefuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata wakazi wake sasa wamepita laki moja na nusu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na penye maji, na ndicho kilichotupeleka sisi huko, tukitoka Mbarara mwisho wa juma kwenda kufundisha.

Katika kijiji kimoja cha makazi hayo lipo kanisa dogo la kuta za udongo na paa la mabati. Wazee wake walitaka kuupamba ukuta ulio nyuma ya meza ya Bwana. Kazi hiyo ikatajwa kwa kijana mmoja Mkongo, mwanafunzi wetu, ambaye riziki yake ni kuandika vibao vya maduka na kuchora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi. Kijana akaleta mchoro wa karatasi: Kristo amesimama ufuoni mwa ziwa lenye matete kama lile la Nakivale, na wanaomsikiliza wamekalia madumu ya maji. Hapo maneno yakaanza. Mzee mmoja alisema kwamba kijana huyu si wa ushirika wao wala si wa lugha yao. Wa pili akasema kwamba Yesu wa kwenye kalenda alikuwa akiwatosha. Wa tatu, aliyekuwa mpole kuliko wenzake, akatugeukia na kuuliza: "Mwalimu, ninyi mmesoma. Jambo hili limepata kufanyika wapi, mgeni kupewa ukuta wa kanisa la watu akauchora namna hii?"

Siku ile tulitaja jina la mji tu, Murang'a, kwa kuwa jua lilikuwa linatua na gari lilikuwa linatungoja. Makala haya ndiyo jibu tulilopaswa kulitoa. Tunalitoa mbele ya walimu wenzetu kwa sababu habari yenyewe ni ya Afrika Mashariki nzima: kanisa liko Kenya, mchoraji alizaliwa Tanganyika na kusomea Uganda, na moto wa imani uliolijenga kanisa hilo uliwashwa Rwanda na kupita katika milima hii tunayoishi.

Mji na msiba wake

Murang'a ni mji wa nchi ya Wakikuyu, kaskazini ya Nairobi. Wakati wa ukoloni uliitwa Fort Hall, kwa jina la Francis Hall, mtawala Mwingereza aliyefariki hapo mwaka 1901. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, na wilaya ile ikawa miongoni mwa zile zilizoungua zaidi katika vita vya Mau Mau. Wapiganaji waliingia misituni. Serikali iliwakusanya wananchi katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Na kila mtu alitakiwa aseme yuko upande gani.

Walikuwako watu ambao hawakutaka kusema hivyo. Hao walikuwa wafuasi wa Uamsho, na hapa ndipo habari ya Murang'a inapofika mlangoni petu. Uamsho ulianza katika misheni ya Gahini, nchini Rwanda, mwanzoni mwa muongo wa 1930; ukaenea Kigezi na Ankole, ambako wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka; na mwaka 1937 ukafika Kenya kwa wajumbe waliotoka pande zetu. Kwa Wakikuyu wafuasi hao waliitwa Ahonoki, neno lenye maana hiyohiyo. Ahonoki walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali. Mtu wa namna hiyo hakuwa na kimbilio, na baadhi yao waliuawa.

Kanisa la Murang'a lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo hao. Linaitwa Kanisa Kuu la Ukumbusho la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Msomaji wa Mbarara atakumbuka kwamba kanisa kuu la Kianglikana la Ankole, lililoko Ruharo, nalo lina jina la Mtakatifu Yakobo. Jiwe la msingi la Murang'a liliwekwa mwezi Mei 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, wakati vita bado vikiendelea.

Mfadhili

Siku chache kabla ya kuliweka jiwe hilo, Fisher alikuwa Kampala. Tarehe 15 Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe, aliwaweka wakfu maaskofu wasaidizi wanne Waafrika kwa siku moja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika, na Daniel Deng Atong wa Sudan. Kati ya hao wanne, anayetuhusu hapa ni Obadiah Kariuki.

Alizaliwa mwaka 1902, na alikuwa mmoja wa viongozi wa Uamsho kati ya Wakikuyu. Hivyo mashahidi waliokumbukwa na kanisa la Murang'a walikuwa ndugu zake kwa imani. Lakini Kariuki alikuwa na undugu mwingine. Mkewe alikuwa binti wa Chifu Koinange, na binti mwingine wa chifu huyo aliolewa na Jomo Kenyatta. Wakati Kariuki alipovikwa uaskofu, shemeji yake alikuwa kifungoni Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, akiwa amehukumiwa kwamba yeye ndiye kiongozi wa Mau Mau. Tumtazame basi mtu huyu vizuri. Kwa mkono mmoja aliwazika walioangamizwa na vita vile. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshikana na jamaa wa mtu aliyetuhumiwa kuvianzisha. Hapana aliyekuwa na haki zaidi yake ya kutaka kuta za kanisa lile zihubiri upande mmoja tu, na hapana aliyejua zaidi yake madhara ya kufanya hivyo.

Kariuki ndiye aliyeomba kuta za ndani zichorwe. Lugha yetu inalo neno linalomfaa: mfadhili. Neno hilo limetokana na fadhili, yaani wema, wala halimaanishi mwenye kulipa. Mlipaji hutoa fedha na kupokea kitu. Mfadhili hutoa kitu chake mwenyewe na kumwamini mwingine nacho. Ukuta wa kanisa la ukumbusho, katika mji wenye makaburi mapya, ni kitu kizito cha kumkabidhi mtu. Kariuki angeweza kuagiza picha za karatasi kutoka Uingereza, zenye Kristo wa nywele za dhahabu, kama zilivyokuwa katika makanisa mengi ya wakati ule. Hapana ambaye angemlaumu.

Tukitaka kumpima mfadhili huyu, tumlinganishe na mmoja wa wafadhili mashuhuri wa michoro ya kanisa duniani. Katika mji wa Padova, nchini Italia, tajiri Enrico Scrovegni alijenga kanisa dogo lililowekwa wakfu mwaka 1305, akamwita Giotto alipambe. Baba yake Enrico alisifika kwa riba, na Dante akamweka motoni katika utenzi wake. Kwenye ukuta wa Hukumu ya Mwisho, Giotto alimchora Enrico amepiga magoti upande wa waliookolewa, akimtolea Bikira Maria mfano wa kanisa lenyewe. Mfadhili yule alinunua ukuta ili naye aonekane humo. Kazi ya Giotto ni kubwa mno, wala hatumlaumu Enrico kwa kuiogopa adhabu. Ila Murang'a masomo ya picha zote ni maisha ya Kristo, na nyuso zilizowekwa kumzunguka ni za watu wa kawaida wa nchi ile.

Mchoraji

Aliyeitwa kuchora alikuwa Elimo Njau, kijana aliyezaliwa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1932. Hakuwa Mkikuyu wala hakuwa mtu wa Kenya. Ukristo wa kwao uliletwa na wamisioni wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Kanisa aliloitwa kulipamba ni la Kianglikana. Kwa kila kipimo walichokitumia wazee wetu wa Nakivale, Njau alikuwa mgeni.

Alichokuwa nacho ni elimu ya Makerere. Huko Kampala, Margaret Trowell, Mwingereza mke wa daktari, alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937, kwanza katika baraza ya nyumba yake. Darasa lile la barazani likakua kuwa chuo cha sanaa ambacho baadaye kilipewa jina lake. Trowell hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia habari kwa maneno, mara nyingi habari za Biblia au za maisha ya vijijini, kisha akawaacha wachore walichokiona mioyoni mwao. Kwake walipita Gregory Maloba, aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala ya mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Machame, aliyechora mashamba na migomba ya Wachaga na baadaye kuiwakilisha nchi yake London. Njau alisoma huko katika muongo wa 1950. Mwanafunzi aliyefundishwa kusikiliza habari na kuiona katika nchi yake alikuwa tayari kwa ukuta wa Murang'a.

Lakini huko hakuwa katika nchi yake, na hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Njau alikwenda kucheza kwa watu, tena kwa watu wenye msiba, penye askari na amri za kutotembea usiku. Angeweza kuwachorea Wakikuyu mlima wake wa Kilimanjaro na migomba ya Marangu, maana hivyo alivijua tangu utotoni. Hakufanya hivyo. Aliitazama nchi ya wenyeji wake, vilima vyake vyenye mabonde, nyumba zake na watu wake, kisha akayaweka maisha ya Kristo humo.

Picha tano

Picha zilikamilika mwaka 1959, nazo ni tano: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulibiwa. Katika zote watu ni Waafrika, na Kristo mwenyewe ni Mwafrika. Anazaliwa katikati ya watu wanaofanana na wale wanaokaa kwenye mabenchi ya kanisa hilo. Anabatizwa katika maji ya nchi yao. Analia katika bustani ambayo yeyote wa Murang'a angeweza kuionyesha kwa kidole.

Fikira zetu zikae kidogo katika Gethsemane. Mtu aliyeingia kanisani humo mwaka 1959 hakuhitaji kuelezwa maana ya kuvamiwa usiku na watu wenye silaha, rafiki akimwonyesha rafiki yake kwa busu. Mambo hayo yalitokea kwa jirani zake, na yalifanywa na pande zote mbili. Hakuhitaji pia kuelezwa maana ya mtu mweusi kuhukumiwa na serikali ya kigeni na kuuawa mbele ya umati, kwa kuwa katika vita vile serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000. Picha za Ulaya zingemwonyesha mtu huyo kwamba Kristo aliteswa zamani na mbali. Picha za Njau zilimwonyesha kwamba aliteswa hapo kijijini.

Hapa kuna hoja ambayo hatuna budi kuijibu. Wako wasemao kwamba kanisa lile ni ukumbusho wa upande mmoja. Liliwakumbuka waliouawa kwa kukataa kiapo, likawekewa jiwe na kiongozi wa kanisa la watawala, huku maelfu waliokufa misituni, vizuizini na kwenye kitanzi hawakujengewa lolote. Hoja hiyo ina uzito. Serikali ya Uingereza yenyewe ilichukua muda mrefu kukiri: ilikuwa Juni 2013 ndipo ilipotamka kwamba inasikitikia mateso yaliyofanyika, ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Wazee walikuwa wamengoja zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo, twaona kwamba picha zilikwenda mbele kuliko jiwe la msingi. Jiwe lina maneno, na maneno hutaja nani alikuwa mwema na nani mbaya. Picha ya Kusulibiwa haisemi hayo. Mama ambaye mwanawe aliuawa kwa kukataa kiapo anaweza kukaa mbele yake na kumwona mwanawe. Mama ambaye mwanawe alinyongwa kwa kula kiapo anaweza kukaa kando yake na kumwona wake. Kama kuna mahali katika mji ule ambapo wawili hao wangeweza kutazama upande mmoja bila ya kugombana, ni mbele ya ukuta huo. Na huenda ukuta huo usingekuwa hivyo kama ungechorwa na mwenyeji, kwa sababu mwenyeji angekuwa na kaburi lake la kulilia na upande wake wa kuutetea. Tulitaja methali inayomsifu achezaye kwao. Basi tuikumbuke na hii ya pili, inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baada ya Murang'a

Kariuki aliendelea na kazi yake, akawa askofu wa jimbo la Fort Hall mwaka 1961, na baadaye wa Mlima Kenya, hata akastaafu mwaka 1976. Njau naye aliufanya mji wa Nairobi kuwa makao yake. Mwaka 1965, pamoja na wenzake, alianzisha huko jumba la sanaa waliloliita Paa ya Paa. Walimu wa Kiswahili watatabasamu kwa jina hilo. Lugha yetu ina paa mnyama, paa la nyumba, kupaa kama ndege, na hata kupaa samaki magamba. Njau alimchukua mnyama yule mwepesi aliyezoea kuchongwa kwa ajili ya watalii, akasema sasa ainuke na kupaa. Sarufi ya jina inaweza kutugombanisha darasani, lakini maana yake iko wazi. Katika jumba hilo alirudia fundisho moja kwa vijana miaka mingi: msanii asinakili kazi ya mwenzake, kwani anayenakili humnyima Mungu nafasi ya kuumba kwa mkono wake. Moto uliliteketeza jumba hilo mwaka 1997, na kazi nyingi zikapotea. Kazi ikaanzishwa upya palepale.

Tukitafakari haya twaona kwamba michoro ya kanisa huzaliwa na watu wawili, wala si mmoja. Mfadhili bila ya mchoraji ana ukuta mtupu. Mchoraji bila ya mfadhili ana mchoro wa karatasi, kama ule wa kijana wetu wa Nakivale. Na kila mmoja kati yao ana kitu cha kuogopa. Mfadhili ahofu kucheka kwa watu na lawama za wazee. Mchoraji ahofu kuichora nchi ambayo si yake na kukosea. Kazi nzuri hutokea pale hofu hizo mbili zinaposhindwa kwa pamoja.

Kwa hiyo, jibu letu kwa mzee yule ni hili. Ndiyo, limepata kufanyika. Lilifanyika kwa watu waliokuwa na msiba mkubwa kama wenu, lilifanywa na askofu aliyevikwa uaskofu Kampala na mchoraji aliyesoma Kampala, na mbegu ya imani iliyolisababisha ilipita hapa kwenu ikienda huko. Mgeni alipewa ukuta, na wenyeji hawakupoteza kanisa lao.

Tulilipeleka jibu hilo Nakivale kwa mdomo kabla ya kuliandika. Wazee walizungumza muda mrefu kwa lugha ambayo hatukuielewa yote. Mwishowe mzee mpole alisema kwamba ukuta ulio nyuma ya meza ubaki mweupe kwa sasa, ila kijana apewe ule wa kushoto. Haukuwa ushindi mzima, na kijana alinyamaza kidogo kabla ya kushukuru. Tulipofika tena, ufuo, matete na madumu yalikuwa yamekwisha chorwa. Mbingu ilikuwa bado, kwa kuwa rangi ya buluu ilimwishia na nyingine ilikuwa haijafika kutoka Mbarara. Chini ya picha alikuwa ameandika jina la mzee aliyempa ukuta. Lake hakuliandika. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba hakudhani fundi huandikwa.

Ndugu walimu, hilo ndilo linalotusumbua. Twawafundisha watoto majina ya washairi na miaka yao, na ni vyema. Lakini makanisa na misikiti, shule na zahanati zetu zimejaa michoro na nakshi ambazo waliozifanya hawajulikani, ilhali wengine wangali hai na wanakaa nyuma ya soko. Tunapendekeza kwamba kila mwalimu awapeleke wanafunzi wake katika jengo moja la mahali pao, wawaulize wazee maswali mawili: nani aliutoa ukuta huu, na nani aliuchora? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili safi katika daftari la shule na kuhifadhiwa. Sisi tumekwisha kuanza na ukuta mmoja wa udongo. Kijana ameahidi kwamba rangi ya buluu ikifika, atamaliza mbingu, kisha ataandika jina lake.